Tumechoka Kuwa Habari Njema

Mteja mmoja alikuja kuchukua mashati yake pale dukani kwetu, gazeti mkononi, akasoma kisa changu cha wiki iliyopita kwa sauti huku mimi nikimnyooshea kola ya mwisho. Hakujua ni mimi. Alipomaliza akatikisa kichwa akasema, "Huyu dada ana mikosi, lakini mingine anajitakia."

"Kweli kabisa, bosi," nikamjibu. Nikamkunjia mashati yake, akaenda zake.

Basi kwa faida yake, na ya wengine mliochelewa: mimi ndiye yule mpiga pasi mwenye kovu shavuni. Nilipokuwa na miaka saba taya langu lilivimba, madaktari wakasema ni saratani, nikalazwa. Wodi ya watoto ilijaa hadi tukawekwa wawili wawili kitandani, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Niliyelazwa naye alikuwa mvulana mwenye saratani ya mfupa wa goti. Tulikaa vile miezi na miezi, manesi wakaishia kutuita mapacha. Mimi nilitoka na kovu. Yeye alitoka na mguu mmoja. Mwenyewe husema, "Kitanda kilikuwa kidogo, ikabidi wanipunguze ili tutoshe."

Yeye ndiye aliyenipa jina la Shavu. Mimi namwita Pacha. Sasa tu watu wazima, yeye ni fundi wa makochi, na kila Jumamosi tunarudi wodi ileile kusimama mbele ya wazazi wenye watoto wagonjwa. Tunawaambia: tutazameni, tulilala hapa, tukapona.

Na kila asubuhi Pacha hunibipu, nami humrudishia. Maana yake ni moja tu, niko hai. Wiki iliyopita bipu haikuja. Niliwaacha nikiwa nagonga mlango wake jioni, na aliyefungua ni dada yake mkubwa, macho yamemvimba.

"Pacha yuko wapi, dada?"

"Amesafiri."

"Kaenda wapi?"

"Kapata kazi ya makochi ya hoteli. Mbali huko. Atarudi."

Nilitaka kumwamini, nakuapieni. Lakini nyuma yake, pembeni ya kabati la vyombo, niliuona mguu wa bandia wa Pacha umeegemezwa ukutani, kiatu kimefungwa kamba vizuri.

"Kasafiri bila mguu?"

Dada akageuka akautazama. Ilikuwa wazi kwamba alipopanga uongo wake hakuukumbuka. Akajifunika uso kwa kanga, nami nikampita nikaingia ndani.

"Yuko hospitali," akasema. "Chini, wodi ya wanaume."

Nikatafuta pa kukaa. Watu kama sisi tuna swali moja tu la kuuliza tukisikia hospitali.

"Imerudi?"

"Haijarudi."

"Usinifiche, dada. Saratani imerudi?"

"Afadhali ingerudi!" akapiga kelele, kisha akashusha sauti, maana nyumba zimebanana na majirani wana masikio. "Ingerudi ningejua la kuwaambia watu. Wangekuja kukaa na mimi hapa. Mdogo wangu, kaka yako alitaka kufa. Kwa kutaka mwenyewe. Tumemuwahi kwa bahati tu."

Nikautazama tena ule mguu ukutani.

"Majirani nimewaambia ni tumbo," akaendelea. "Mtaa huu wote ulichanga ili apone. Walimwombea, walikuja na machozi yao hapa. Leo niwaambie yule mliyempigania hautaki huo uhai? Uso wangu nitauweka wapi?"

Sasa nawaambia ninyi jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliposikia vile, sikushangaa. Nilihuzunika, niliogopa, lakini sikushangaa hata kidogo. Na mtu asiyeshangazwa na habari ya namna ile ni mtu aliyekwisha kuifikiria mwenyewe.

Nimeifikiria. Mwaka huu hasa. Kuna siku nasimama na pasi mkononi, mvuke unanipiga usoni, nami sijui kwa nini niendelee na shati linalofuata. Nikikohoa, nasema ndiyo hiyo imerudi. Nikiwa mzima wiki nzima, nawakumbuka watoto tuliokuwa nao wodini ambao hawakutoka, nikajiuliza mimi nilipewa uhai niufanyie nini, kunyoosha kola? Nacheka sana mbele za watu. Nikifika chumbani kwangu nakaa sakafuni nikiwa bado na viatu.

Nawaambia ninyi kwa sababu hamuuoni uso wangu.

Asubuhi yake nilimwamkia mama kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

Mama yangu haitikii kwanza. Tangu niruhusiwe kutoka hospitali nikiwa mtoto, salamu yake huanza na vidole. Hunishika chini ya taya, akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto, akashuka shingoni. Akishamaliza ndipo husema marahaba. Nimezeeka na vidole vile.

"Mama, Pacha amelazwa. Alitaka kufa."

Vidole vikasimama. "Alitaka kufa vipi, naye alipona?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi hana shukrani. Kuna mama wangapi wanaomlilia mtoto aliyekwenda, yeye kaachwa, halafu auchezee uhai?" Akarudisha vidole. "Geuka huku."

Nikageuka. Nikapiga moyo konde, nikasema, "Mama, na mimi siko sawa."

"Hapa? Panauma?"

"Hapaumi hapo."

"Wapi?"

Nilitafuta neno nikalikosa. Nikagusa kifua changu, kisha nikagusa kichwa. Sijui nilitegemea nini. Mama alitoa macho, akaanza kunipapasa. Shingoni, kwapani, tumboni, kwenye mapaja, anahema, anataja jina la Mungu. Alikuwa anatafuta uvimbe. Ndiyo namna pekee anayoijua ya kunipenda.

"Vaa twende hospitali! Vaa sasa hivi! Nilijua tu, umepungua!"

"Mama, nilikuwa natania."

Akanizaba kofi la begani. Kisha akakaa chini akalia, mimi nikapiga magoti nikambembeleza. Mimi niliyekuwa nataka kubembelezwa.

Saa ya kuona wagonjwa nikaenda wodi ya wanaume. Pacha alikuwa kitanda cha mwisho, amekonda, ndevu zimemjaa. Aliponiona akavuta shuka hadi kidevuni.

"Leo umepewa kitanda chote peke yako," nikamwambia.

"Ndiyo shida yenyewe. Sipati usingizi, hakuna miguu ya mtu usoni kwangu."

Tukacheka. Halafu nikaanza kumpiga. Siyo utani, nilimpiga ngumi za mkononi na begani mpaka mgonjwa wa jirani akasema, "Dada, huyo anaumwa." Pacha hakujikinga. Alisubiri nichoke.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Kila asubuhi unanibipu. Kila asubuhi!"

"Bipu inasema niko hai. Nilikuwa hai. Ungetaka iseme nini zaidi?"

"Ungenipigia simu ukaongea kama watu!"

"Nikusumbue wewe? Wewe unayecheka kila siku? Nilijiambia, Shavu amevuka, nisimrudishe nyuma."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu wewe ulikuwa unacheka."

Akanitazama. Miaka yote ile kila mmoja alikuwa anajikaza kwa ajili ya mwenzake, na kila mmoja alidhani ndiye mbovu peke yake.

"Ni Jumamosi iliyopita ndiyo imenimaliza," akasema taratibu. "Unamkumbuka yule mama wa kitanda cha dirishani? Mwenye binti wa goti?"

Nilimkumbuka. Mama kijana, mpole, binti yake ana ugonjwa uleule wa Pacha, goti limeumuka. Madaktari wanataka kuukata mguu.

"Alinivuta pembeni. Akaniuliza, kaka, ni lini mtu anaacha kuogopa? Nikamjibu siku ile mnayotoka hapa. Nikasema hivyo na tabasamu juu. Nikarudi nyumbani, Shavu, nikakaa juu ya kochi la mteja nikashindwa kuinuka. Nimechoka kuwa habari njema. Nilipokuwa naumwa, kitanda changu hakikukosa mtu. Nilipopona, kila mtu akashika njia yake, akaona kazi imekwisha. Nani anakaa na mtu aliyepona?"

"Mimi nakaa nawe."

"Na wewe nani anakaa nawe?" Akanishika kiganja. "Sema kweli. Wewe uko vipi?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi. Ningeweza kuingia. Lakini nilimwona alivyo, dripu mkononi, midomo imekauka, nikaona nikimwongezea yangu nitamzamisha.

"Mimi mzima," nikasema.

Pacha akaachia kiganja changu akageukia ukuta. "Wasijue kule juu kwa watoto," akasema huku amenipa mgongo. "Niahidi."

Nikamwahidi.

Jumamosi nikapanda ngazi kwenda wodi ya watoto peke yangu. Kwa mara ya kwanza nilizipanda bila kusikia gongo la Pacha likigonga nyuma yangu. Sista mkuu wa wodi alinidaka kabla sijafika mlangoni. Ni yeye aliyetulaza kitanda kimoja enzi zile, wakati huo nesi mchanga, sasa nywele zimekuwa nyeupe.

"Nimepata habari za ndugu yako," akanong'ona. "Nimeshuka kumwona, kakataa kusema nami. Pole, mwanangu. Lakini leo nakuomba ujikaze. Mama wa dirishani amefunga virago. Anataka kumtoa mtoto."

"Atampeleka wapi?"

"Nyumbani. Anasema hatamkata mtoto wake mguu. Daktari ameshamweleza, mguu usipokatwa sasa, ugonjwa utapanda na hatutakuwa na la kufanya. Anasema hasikii la daktari wala langu. Anawasubiri ninyi."

"Sista, hata mimi sijiwezi."

"Una homa?"

"Sina homa. Silali. Naogopa. Nawaza mambo kama aliyoyawaza Pacha."

Sista akaniangalia vizuri, nikaona imemwingia. Akanishika mabega. Akafungua mdomo. Na kule ndani kitanda kikagonga ukuta, mtu akaita, "Sista, anaondoka!"

"Nitakaa nawe," akasema akiwa ameshaanza kukimbia. "Naapa nitakaa nawe leo hii. Tumwahi huyu kwanza."

Simlaumu. Pale mtu anayetoka damu hutangulia, na mimi sikuwa natoka damu.

Mama wa dirishani alikuwa amesimama katikati ya wodi, begi begani, binti yake kambeba kiunoni, mguu wenye goti bovu unaning'inia. Wazazi wengine wote wamegeuka kumtazama. Alinitazama mimi, kisha akatazama mlango nyuma yangu.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Leo hakuja, dada."

"Kwa nini?"

"Amepata udhuru."

"Udhuru gani? Jumamosi zote anakuja, leo ndiyo apate udhuru?" Sauti ilimkatika. "Nilikuwa na swali moja tu kwake. Siyo kwa madaktari, siyo kwako, wewe miguu unayo yote. Nilitaka nimuulize, kaka, unafurahi kuwa hai? Basi. Angesema ndiyo, ningewapa mtoto. Wangekata."

"Ana furaha sana," Sista akadakia. "Si ulimwona mwenyewe anavyocheka?"

"Sikuuliza kama anacheka."

Akapandisha begi, akaanza kutembea kuelekea mlangoni nilikosimama. Binti yake alikuwa ananiangalia tu, macho makubwa, kidole mdomoni.

Nilikuwa na ahadi ya Pacha upande mmoja na mtoto yule upande mwingine. Nikikaa kimya, mtoto anakwenda kufia nyumbani. Nikisema, wodi nzima itajua kwamba wale wawili waliopona mmoja alitaka kufa, na huenda akina mama wengine nao wakafunga virago. Na Pacha atajua nimemsaliti, naye ana kamba moja tu iliyobaki ya kushikilia, ambayo ni mimi.

Mama akafika. "Nipishe, dada."

"Yuko chini," nikasema.

Sista akasema, "Mwanangu, hapana."

"Yuko chini, wodi ya wanaume. Amelazwa. Twende ukamuulize mwenyewe."

"Imemrudia?" Rangi ilimtoka usoni.

"Haikurudi. Twende."

Tukashuka. Mimi mbele, mama na mtoto wake nyuma, Sista anatufuata akisema maneno ambayo sikuyasikiliza. Kila ngazi nilikuwa natafuta namna ya kumwomba Pacha radhi, na kila namna niliyoipata haikutosha.

Alikuwa amekaa kitandani, dada yake anamnywesha chai. Akaniona. Akamwona mama. Akaona goti la mtoto. Alielewa kila kitu, akasukuma kikombe pembeni.

"Uliniahidi, Shavu."

"Niliahidi."

Mama wa dirishani hakutoa salamu. Alitazama shuka palipokuwa tambarare, pale ambapo mguu mwingine ungekuwa. Akatazama dripu. Sijui nani alimnong'oneza, au kama aliisoma tu sura ya dada yake Pacha, ila nilimwona anajua. Alijua yule kijana yuko pale kwa sababu gani. Sista akamshika kiwiko, akakikwepesha.

"Kaka," akasema. "Nilikuja na swali jingine, sasa nimelibadilisha. Ungerudishwa nyuma ukawa na umri wa huyu, ungetaka mama yako akubali?"

Dada yake Pacha akaanza kulia kwa sauti. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyanyua vichwa. Pacha alimtazama yule mtoto muda mrefu, na mtoto akalitazama shuka lake.

"Shavu," akasema Pacha, "mtoe mtoto nje."

Nikampokea binti, tukatoka koridoni, nikausukuma mlango kwa kisigino. Alikuwa mwepesi kama nguo isiyo na mtu. Tukakaa kwenye benchi. Ndani kulikuwa na sauti ya Pacha, chini chini, bila maneno ninayoweza kuyashika. Kisha mama wa binti akatoa kilio kimoja kifupi.

Nimekulia katika jengo lile. Navijua vilio vya akina mama, cha aliyeambiwa amepona, cha aliyeambiwa basi. Kile sikukijua.

"Mama amekataa?" binti akaniuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Mimi nimeshajifunza."

"Umejifunza nini?"

Hakunijibu. Aliteleza kutoka mapajani mwangu, akashika ukuta, akaukunja mguu mbovu, akaanza kuruka kwa ule mmoja. Aliruka vizuri, bila kuyumba, akahesabu kwa kunong'ona. Hakujifunza jana yule. Alikuwa anafanya mazoezi siku nyingi, wakati watu wazima tunabishana juu ya kichwa chake.

Machozi yalinishuka na sikuyafuta.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake akatoka, akamkuta mwanawe amesimama kwa mguu mmoja katikati ya korido. Nilidhani atamkimbilia. Alisimama palepale, mkono mdomoni, akamtazama hadi mtoto mwenyewe akaona haya akashusha mguu.

Kisha akanigeukia mimi.

"Ndugu yako hataki kunijibu," akasema. "Anasema ulimdanganya kwamba wewe ni mzima. Anasema amechoka kujibu peke yake, na hafungui mdomo mpaka wewe useme kwanza, mbele yake na mbele yangu, kama unafurahi kuwa hai."

"Dada, mimi..."

"Mtoto wangu anasubiri jibu lako. Ingia."

Ndani, Pacha alikuwa amesogea ukingoni mwa kitanda, amenipa nafasi nikae. Sista na dada yake wananitazama mimi tu. Nikaingia, nikakaa, na sikuwa na uongo hata mmoja uliobaki.